Harufu Moja Nisiyoijua

Jumanne, 1 Aprili 2025

Leo tumeosha maiti ya Paddy, mtoto wa Benedeta. Naandika haraka kabla sijapoa. Nikipoa nitalia, na kulia sitaki.

Amekutwa kwenye mafunjo, njia ile ya panya ya kupitisha sukari. Baiskeli imelala majini. Sukari imeyeyuka yote, siafu wamejaa. Koo hakuna. Si kukatwa – kung'olewa. Mkono wa kulia umetafunwa hadi kiwiko, mfupa umepasuliwa kama muwa. Polisi wamesema mbwa. Mbwa gani huyo?

Benedeta alinishika gauni langu la gomesi akasema, dada, mfunge shingo vizuri, nisije nikamuaga nikaona shimo. Nimemfunga na kitenge changu kipya. Wanawake wengine walitoka nje kutapika. Nimemaliza peke yangu.

Halafu nikainama nikamnusa.

Fisi. Na chini ya fisi, jasho la mwanamume. Harufu mbili, mwili mmoja. Yaani mtu kama sisi.

Hapa naweza kusema, maana hapa hapana msomaji. Shule sikuingia hata mlangoni, herufi nimefundishwa uzeeni na Sista wa parokia. Alitaka nisome Injili. Angejua ninachoandika angeninyang'anya kalamu. Mimi ni fisi. Nimezaliwa hivyo, bibi yangu kule Lunyo alikuwa hivyo. Mume wangu Okia nilimng'ata mwenyewe mwaka tuliooana, kwa kutaka kwake – alitoa bega akafumba macho kama mtoto wa chanjo. Binti yetu Resty haikumpata. Watu hatuli. Tunakula mifupa ya kichinjioni na ng'ombe aliyekufa na ugonjwa. Sheria yetu ni hiyo moja, na mtu ameivunja kwenye mji wangu.

Nimeuza chai na chapati mpakani tangu Resty akiwa mgongoni. Watu wa Busia nawajua kwa pua, wa upande huu na wa Kenya. Nikifumba macho nakwambia nani amepita na jana alikula nini. Huyu simjui.

Okia hawezi kunisaidia kunusa. Korona iliichukua pua yake, haijarudi. Unga ukiungua anauliza mbona moshi. Lakini meno anayo. Amesema huyo ni mgeni, dereva wa lori. Nimekubali. Nani mwingine nisimjue?


Jumatano, 2 Aprili

Tumegeuka jana jioni, watu wakiwa kwenye matanga ya Paddy. Mifupa yangu imelia kama kitanda kibovu. Zamani kugeuka ilikuwa kama kuvua blauzi.

Tumefuata harufu kutoka mafunjo hadi lami. Pale imekufa. Dizeli, mpira, mkojo wa madereva. Nimenusa foleni ya malori mpaka mwisho, tairi kwa tairi. Hayupo.

Mbwa watatu wa bohari wametushambulia. Okia amemvunja mmoja mgongo, wa pili nimemtupa kwenye mtaro, wa tatu ana akili, amekimbia. Mlinzi karusha panga likanichana paja. Nimejifunga na majani ya mwarobaini, nauma meno.

Asubuhi mlinzi huyo huyo yuko kwangu anakunywa chai. Anawaambia watu amempiga fisi mkubwa kama ndama, jike, sura mbaya ajabu. Nikamwambia sura mbaya umeionaje gizani? Akasema, mama, mbaya inaonekana tu. Nimempa chapati ya bure lakini.


Ijumaa, 4 Aprili

Mgongo unauma, naandika nimelala kifudifudi.

Juliet wa mayai wamemkuta nyuma ya maegesho ya mabasi. Tumbo wazi. Maini hayapo. Trei za mayai zimekaa pembeni, hakuna hata moja lililovunjika – muuaji aliyafikiria mayai kuliko mtu! Nimenusa. Ni yule yule.

Watu hawakungoja polisi. Walikwenda kwa Owor, mzee wa Kisoko anayeuza mizizi na ngozi sokoni. Juu ya meza yake kuna mkia anaouita wa fisi. Mkia huo ni wa ndama. Mimi nilijua siku nyingi, nikamwachia, kila mtu na biashara yake. Leo mkia huo ndio ukawa ushahidi.

Walimtoa kwa miguu, kichwa kinagonga mawe. Wa kwanza alimpiga na nondo. Wa pili na kiti. Mwanamke mmoja anayeimba kwaya alimpiga na kiatu chake cha kanisani, mara nyingi, usoni, mpaka kisigino kikatoka. Na mbele yao wote, na dumu la petroli mkononi, mwenyekiti wa bodaboda. Mkwe wangu Emoit, mume wa Resty.

Niseme juu ya mkwe. Tangu amwoe Resty mwaka jana, uso wake nimeuona kwenye picha tu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja. Ukikaribia, mwili unaanza kutetemeka mpaka kaburini, ndivyo tulivyolelewa. Vijana wa siku hizi wanaona ni ushamba, wanakumbatia mama wakwe mchana kweupe. Emoit hapana. Akiniona mbali anaacha njia, anafunika kichwa na koti, anazunguka shamba zima. Akiwa na salamu anaisema nyuma ya ukuta wa jirani. Kanisani wananiambia, Taaka, wewe ulipata mkwe.

Basi. Niliacha sufuria motoni nikaingia kati. Nikalala juu ya Owor. Sikuwa na akili nyingine. Walinipiga fimbo mgongoni, ubavu umelia. Nilimng'ata mmoja mguu – na meno haya haya ya binadamu, sikugeuka, ingawa manyoya yalikuwa yananiwasha chini ya ngozi. Chini yangu Owor anasema, mama, uzito wako utaniua kabla ya hawa. Nikamwambia nyamaza ufe vizuri.

Halafu mtu akapaza sauti – acheni, huyo ni mama mkwe wa chairman!

Emoit akaniona. Akaacha dumu likaanguka. Akavuta koti kichwani akakimbia, akaruka mtaro, akapotea. Kundi likabaki bila kichwa. Mmoja akacheka, mwingine akacheka, wakatawanyika. Ati heshima imezima moto.

Na mimi pale chini, damu mdomoni, nilijivuna. Niliwaza, nimemlea Resty vizuri mpaka akachagua mtu.


Jumamosi, 5 Aprili

Owor amekufa saa za chakula. Kichwa kilivuja ndani. Nilikuwa nampelekea uji, niliposikia nikaumwaga njiani.

Wote waliompiga wamekuja kunywa chai kwangu. Nimewauzia. Nimewaangalia mmoja mmoja kwenye koo. Mungu anisamehe, nimehesabu mapigo.


Jumapili, 6 Aprili

 

Okia amekwenda kunywa malwa, pombe ya ulezi, baada ya misa. Baba mkwe anaruhusiwa, ni sisi akina mama tu tunaofukuzana. Amekaa na Emoit kwenye chungu kimoja, na wazee wengine, kila mtu na mrija wake mrefu. Emoit mrija wake ulipasuka. Okia akamwazima wa kwake. Wamepokezana mpaka jioni. Okia amerudi anaimba, akasema mkwe anamlilia Owor, anasema vijana walimzidi nguvu.

Kila Jumapili namsafishia mrija. Nautia maji ya moto, napuliza, uchafu wa kimea unatoka. Leo nimeuleta mdomoni nipulize.

Kwanza kimea. Halafu mate ya Okia, nayajua kuliko jina langu. Halafu yule. Wa Paddy, wa Juliet. Mbichi kabisa, kama amekaa mapajani mwangu.

Nimeketi chini kwenye majivu.

Mjini kote kuna mwanamume mmoja tu ambaye pua yangu haijawahi kumfikia. Na ni mimi mwenyewe niliyekuwa napisha njia! Nikaanza kukumbuka. Siku zote akiacha njia, anazunguka upande ambao upepo unatoka kwangu kwenda kwake. Hajawahi kukosea hata siku moja. Nyuma ya ukuta, upande huo huo. Sokoni alikimbia kwa sababu ningemnusa. Nilidhani ni heshima. Kumbe alikuwa ananichunga kama mwindaji anavyomchunga mnyama.

Na Resty? Anaishi naye, analala naye, mbona sikuisikia kwake? Hilo limenichoma zaidi. Resty anauza mukene. Gunia kwa gunia la dagaa wakavu, nywele, kucha, nguo, mpaka pumzi inanuka ziwa. Tangu aolewe sijanusa kitu kingine kwa mtoto wangu.

Nimemwamsha Okia nikamwambia. Pombe imemtoka machoni. Akasema, nimekunywa naye mrija mmoja. Akatoka nje akatapika mpaka nyongo. Aliporudi nikampangusa mdomo. Akaniuliza tunamuua? Nikamwambia kwanza tumtoe mtoto.


Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwita Resty kwa uongo, kwamba baba yake ana homa. Amekuja na beseni la mukene kichwani.

Nikamuuliza, nani alikuambia uuze hii takataka? Wewe ulikuwa unauza vitenge.

– Mume wangu. Alinipa mtaji wiki ya arusi.

Alisema akiwa anaangalia chini. Nikamshika mkono, nikapandisha shati. Meno. Bega lote, ya zamani na mapya, mengine yana usaha. Nilipiga kelele kama ni mimi niliyeng'atwa.

Ameeleza yote, bila kulia, kama mtu anasoma tangazo. Ana mimba ya miezi minne. Emoit anamng'ata ili naye ageuke, na hageuki, kila ikishindikana anakasirika anakwenda kuua. Alijua mimi na Okia ni nani kabla hajaleta posa. Alimtaka kwa ajili ya damu yetu. Anasema mtoto akizaliwa ataanza na nyama ya mtu, sio mifupa ya kichinjioni kama wale wazee waoga.

Nikamuuliza mbona hukusema? Akanijibu, Mama, alisema nikifungua mdomo ataanza na Baba, kisha wewe utabaki uangalie.

Nikamwambia sikiliza, wewe na hilo tumbo mko kwangu. Hutarudi kule hata kuchukua sidiria. Nimemwogesha mwenyewe, maji ya moto na sabuni ya kipande, kama alivyokuwa mtoto. Nimemsugua mukene mpaka ngozi ikawa nyekundu. Okia alikaa mlangoni, ametupa mgongo, anakata mihogo na panga. Anakata, anakata. Mihogo ya kula wiki nzima.

Mtoto huyo hatakula mtu. Nitakufa kwanza.

Resty anasema Jumatano mumewe anapenda mafunjo, wachukuzi wanapovuka na mizigo alfajiri.


Jumatano, 9 Aprili

Okia yuko hai. Niandike hilo kwanza.

Tulimngoja kwenye matope tangu usiku, manyoya yamelowa. Alikuja kulipoanza kupambazuka. Mkubwa kuliko Okia. Mdogo kuliko mimi – kwa fisi jike ndiye mkubwa, hilo hata yeye hawezi kubadilisha. Nilichagua upepo mwenyewe safari hii. Hakutusikia mpaka niko mgongoni mwake.

Nilimshika shingo nikakosa, nikapata nyama ya bega. Tukaviringika majini. Okia akamshika tumbo. Emoit akajikunja, akamng'oa Okia sikio, akarudi tena akamfungua ubavu, nikaona weupe wa mfupa. Okia hakuachia! Mzee yule, meno yake mawili ni ya bandia akiwa mtu. Damu kwenye matete kama mtu amemwaga rangi. Nikaacha bega nikashika mguu wa mbele wa kushoto. Nikafunga taya. Nikasikia ule mlio. Naujua mlio huo, ndio chakula chetu. Akapiga kelele ya mtu, si ya fisi, akavuta, akachomoka, akakimbia kwa miguu mitatu hadi barabarani.

Singeweza kumfuata. Okia alikuwa ananywa matope.

Nilipogeuka kuwa mtu kulikuwa na kitu mdomoni. Nikatema kwenye kiganja. Vidole viwili. Kimoja kina pete, ile aliyovishwa mbele ya padri.

Nimemleta Okia nyumbani kwenye toroli, chini ya majani ya ng'ombe. Resty ameshika taa, mimi nimemshona na uzi wa nailoni. Akafungua jicho moja akasema, Mama Resty, usinishone kama gunia la mahindi. Nikamwambia gunia halilalamiki.

Pete nimempa Resty aamue. Ameitupa chooni, akasimama pale mpaka akasikia imefika.


Alhamisi, 10 Aprili

Naandika nimekaa kwenye kiti cha Emoit, nyumbani mwa Emoit.

Asubuhi Benedeta alikuja mbio. Mji mzima unasema chairman ameshambuliwa na fisi akiwa doria, akapigana kiume. Wamemfunga mkono hospitali. Wamemchangia. Na sasa amewaambia vijana kwamba fisi huyo ni mtu, naye alimjeruhi sikio na ubavu. Mzee yeyote atakayekutwa na majeraha hayo ndiye. Waanze, amesema, na watu wa kwetu Lunyo. Kwa machozi, amesema – hata kama ni ndugu.

Ndivyo anavyotaka kumchoma Okia. Kwa mikono ya watu.

Nikamwambia Benedeta nani alimuua Paddy. Nilimwambia yote, na juu yetu pia.  Akasema, dada, ulimfunga mwanangu shingo na kitenge chako kipya. Akaenda kutafuta toroli. Yeye na Resty wamemvusha Okia kwenda Kenya kwa kaka yangu Ojiambo, juu yake wametandika mukene. Hao dagaa wamefaa mara moja.

Mimi nikaja huku. Mchana, katikati ya barabara, gomesi ya misa, watu wanatazama. Mama mkwe anaingia mlango wa mkwe wake! Bibi mmoja alijishika kichwa. Nimepita sebuleni nikaingia mpaka chumbani, nikarudi na kila nilichokikuta – madumu mawili ya petroli, mapanga, nondo. Nimevipanga chini ya kiti. Nimekaa juu yake. Nyumba nzima inanuka yeye. Sasa namjua kama uji.

Nimewaza hivi. Vijana wake watakuwa naye. Hawezi kunivuta atoe vitu vyake, kunigusa ni aibu ambayo hata mlevi haifanyi. Hawezi kuingia. Akiingia mbele yao, wataona mtu asiyeogopa kile kila mtu wa hapa anakiogopa, na wataanza kujiuliza huyo ni mtu wa namna gani. Na akiingia ninayo meno.

Pikipiki zimefika. Nyingi. Zimezimwa.

Halafu kijana mmoja dirishani – Mama, shikamoo, tunaomba utoke kidogo, chairman anataka kuingia achukue vyombo. Nikamwambia marahaba, mwanangu. Mwambie chai iko tayari.

Wamenong'ona. Mmoja amecheka, akanyamazishwa.

Sasa ni yeye. Sauti yenyewe, karibu, bila ukuta wa jirani. Laini kama ya katekista. Mama, anasema, mimi ni mtoto wako. Nimefunika kichwa hapa uani, mkono unanivuja. Usinitie aibu mbele ya wenzangu. Toka, nipite.

Nimemjibu kwa sauti wote wasikie. Nimesema, nimechoka kuona mgongo wako, mwanangu. Ingia nikuone uso. Uwaambie wenzako Resty ameota wapi yale meno begani.

 Mtu ameuliza, meno gani? Mwingine amesema, chairman?

 Namsikia Emoit amefika kizingitini. Anapumua kwa mdomo. Pazia halijasogea.

Anavua viatu. Kimoja. Mtu mwenye adabu anavua viatu akiingia nyumbani. Na sisi tunavua, visipasuke.

Cha pili.

Mimi vyangu nilivua tangu nilipokaa.